Shimo Nyuma ya Jiko la Mama

Mama alikubali watafiti wa mambo ya kale wachimbe shamba lake lote, nje kidogo ya mji wa Iringa, isipokuwa nyuma ya jiko. Kwa nini, hasemi. Nikafunga duka langu Mwanjelwa, nikapanda basi kutoka Mbeya kwenda kumbembeleza, maana nilishachoka kubishana naye kwa simu. Mwishowe akasema, "Haya, chimbeni."

Kusema kweli nilikuwa nafurahia. Juu walikuta mavi ya chuma, yale mabaki meusi ya wafua chuma wa zamani. Chini yake vigae vya vyungu, na chini zaidi mawe yaliyochongwa na watu ambao hakuna ajuaye walisema lugha gani. Kumbe sisi tunaojigamba kuwa wenyeji wa kilima hiki ni wapangaji tu!

Kisha, nyuma ya jiko, wakafikia chungu kilichofunikwa kifudifudi. Kiongozi wao, dada mmoja mpole, alipiga magoti akapangusa udongo kwa brashi. Chini ya chungu kulikuwa na mifupa myembamba kama njiti za kiberiti.

"Kichanga," alisema. "Cha zamani sana."

Mama alikuwa akipepeta mahindi. Akaweka ungo chini, akasogea mpaka kwenye kamba ambayo watafiti walipimia pa kuchimba.

"Na wangu mmeshamfikia?"

"Wako nani, mama?" nikauliza.

Akaonyesha hatua chache mbele, kamba ilikoelekea. "Wa kwanza. Wa kike. Nilimfunika hivyohivyo, alivyonielekeza mama mkwe. Kichanga hakiwekewi msiba, mwanangu, tunazika wanawake wenyewe, basi. Nikakatazwa kulia, eti nitafunga kizazi. Ndiyo ukaja wewe."

Maisha yangu yote nimeitwa kifungua mimba. Kwa cheo hicho nimesimamia harusi za wadogo zangu, na kwa cheo hicho nimewagombeza. Nilitaka kumkasirikia mama, nikakosa pa kuanzia.

Yule dada aling'oa vigingi, akakunja kamba yake. Nadhani hapo ndipo mama alipoamini kwamba mtoto wake hatafukuliwa, maana aliketi chini palepale, akalia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake.

Majirani walikuja mbio, wanawake wakifunga kanga kiunoni njiani.

"Jamani, nani amefariki?" wakaniuliza.

"Dada yangu," nikasema.