Binti Mwenye Jina la Babu Yake

Watu wa Voi wanaonijua watakwambia mdomo wangu hauna breki. Nashona sare za shule karibu na soko, na mteja akileta kitambaa pungufu namwambia ni pungufu, hata awe mwalimu mkuu. Lakini kuna neno moja ambalo kwa miaka kumi na mmoja ya ndoa sikuwahi kulitoa kinywani, nalo ni jina la baba mkwe wangu. Mama yangu ni Mkamba wa kale, alinilea akiniambia kwamba mkaza mwana hatamki jina la baba mkwe, na hakuna mjadala. Kuna duka moja Mwatate lina jina hilo hilo ukutani, kwa herufi kubwa. Mimi nikielekeza mtu nasema, "Lile duka la rangi ya kijani."

Na ndilo jina nililompa binti yangu wa tatu.

Hapa sitaliandika, maana siku hizi lina mwenyewe, yuko gredi ya kwanza, na hapendi mama yake amtangaze ovyo. Niseme tu kwamba ni jina la Kitaita, la kiume waziwazi. Ukilisikia unamtazamia mzee mwenye kofia na fimbo, si kitoto chenye rinda.

Kwao mume wangu, mtoto wa kwanza wa kiume ndiye hupewa jina la babu mzaa baba. Baba mkwe alikuwa na binti wanne na mwana mmoja tu, mume wangu. Wale binti waliolewa, na watoto wao wakachukua majina ya huko walikoolewa. Kwa hivyo jina la mzee lilibaki kulisubiri tumbo langu. Nikazaa msichana, akapewa jina la mama mkwe. Nikazaa msichana wa pili, akapewa jina la mama yangu. Mara zote mbili mzee alituma ndizi na kuku, na salamu za asante. Hakuuliza neno. Mimi ndiye nilikuwa najiuliza.

Alikuwa mtu wa namna hiyo. Ujana wake wote alikata mkonge huko bondeni, kisha akapanda milimani akanunua kipande cha mteremko ambacho hata mbuzi walikiogopa. Akakichimba matuta peke yake, kwa jembe, moja baada ya jingine, mpaka kabichi zikakaa. Sijapata kumsikia akijisifu. Ukimsifia kabichi atakwambia, "Ni mvua hiyo, mama." Lakini wakati ninaosimulia, moyo wake ulikuwa umechoka. Daktari alimkataza hata kushuka kwenye yale matuta yake mwenyewe.

Mtoto wa tatu alitolewa kwa upasuaji, kama wenzake. Daktari alikuja kando ya kitanda akaniambia polepole, "Mama, hapa tumefika mwisho. Ukirudia tena tunaweza kukupoteza." Nikauliza ni nini nimepata. "Msichana, mzuri sana." Nililia, sitasema uongo. Nilimwangalia yule mtoto, mzuri kweli, na nikalia kwa sababu ya mzee.

Mchana ule ule mume wangu alikuwa amekaa nami wodini, simu ikalia. Simu yake ukiongea inasikika hadi Taveta. Alikuwa baba yake mdogo, ndugu wa pekee wa mzee. Akatoa pole, tena pole kana kwamba tumefiwa, kisha akasema, "Wewe bado kijana. Mwanamume hafungwi na tumbo moja. Kaka yangu asiondoke hivi hivi, jina likapotea."

Haki ya Mungu, damu ilinichemka mpaka mshono ukauma. Mume wangu, maskini, alikata simu akabaki anaangalia viatu vyake. Ni mpole yule, amemfuata babake.

Nikamwambia, "Nipe kalamu."

"Ya nini?"

"Jina halipotei. Liko hapa, limelala, limefunikwa leso."

Akaelewa, akaogopa. "Baba atadhani tunamfanyia mzaha."

"Basi atatuambia mwenyewe."

Nesi alipokuja na karatasi ya kuandikisha mtoto, akauliza, "Anaitwa nani?" Nikanyamaza. Akauliza tena. Mimi, wa kubishana na wauza vitambaa mchana kutwa, nikawa bubu. Nikachukua kalamu nikaandika mkononi mwangu, nikamwonyesha kiganja. Akasoma kwa sauti, wodi nzima ikasikia. "Mama, hili si jina la mwanaume?" Mwenzangu wa kitanda cha pili akacheka akishika tumbo, naye pia alikuwa ameshonwa. Nikamwambia nesi, "Andika hivyo hivyo, dada. Usipunguze, usiongeze."

Miezi miwili baadaye nilipopata nguvu tukapanda milimani. Tulikuwa hatujamwambia mzee jina. Tulisema tu, tutakuja nalo. Usiku uliotangulia sikula. Niliwaza, akikunja uso, nitakuwa nimemdhalilisha mgonjwa mbele ya watu wake, na yule baba mdogo atapata la kusema hadi kiama. Tukamkuta mzee barazani kajifunika blanketi, mama mkwe anaponda kimanga cha mihogo na maharagwe, na baba mdogo naye yupo, tayari kashika kikombe cha chai.

Mume wangu ndiye aliyesema. Alilitaja lile jina mara moja, haraka haraka, kisha akajikuna shingo.

Baba mdogo akaweka kikombe chini. "La! Jina la mwanamume kumvisha msichana? Mtachekesha watoto wa shule. Na tena huyu kesho ataolewa, atalibeba aende nalo kwa watu!"

Mzee aliomba apewe mtoto. Alimtazama kwa muda, akamgusa paji la uso kwa kidole chake kilichokakamaa kwa mkonge. Kisha akamwambia nduguye, bila hasira yoyote, "Si afadhali aende nalo kwa watu, kuliko mimi niende nalo kaburini?"

Akanigeukia. "Mwanangu, mtoto huyu anaitwa nani?"

"Ameitwa... kama wewe, baba."

"Kama mimi, nani?"

Nikaangalia chini. Mume wangu akataka kunisaidia, mzee akamzuia kwa mkono. "Namuuliza yeye. Sikiliza, mwanangu. Mimi sina siku nyingi. Nikishaondoka, ni nani atamwita huyu kila siku, asubuhi na jioni, akivunja kikombe, akichelewa kurudi? Ni wewe. Ukimwita 'we mtoto' mpaka aolewe, jina litakuwa limekufa hata kama liko kwenye karatasi ya serikali. Mwite."

"Baba, siwezi. Mama yangu ataniona nimelaanika."

"Mama yako nitampigia simu."

Mtu aliyeishi na mila hizo miaka yote, akijua uzito wake, alizisogeza kando kwa ajili ya kitoto cha miezi miwili, tena cha kike, mbele ya ndugu yake. Matuta yake nilikuwa nimeyastahi siku zote. Siku hiyo nilimpenda kama baba aliyenizaa.

Nikalisema. Sauti ilitoka ndogo, ya kutetemeka, hata mimi sikuitambua.

"Ile sauti ya sokoni iko wapi?" akauliza.

Nikalisema tena, kwa nguvu. Kuku wakaruka.

"Naam!" akaitika yeye mwenyewe, akacheka mpaka kikohozi kikamshika. Mama mkwe akaacha mwiko, akaja akamchukua mtoto. "Karibu, mume wangu," akamwambia. "Wa kwanza hana meno, na wa pili naye hana. Nina bahati gani mimi!" Tukacheka sote isipokuwa baba mdogo. Yeye alimaliza chai yake akaaga.

Mzee aliishi miaka mitatu zaidi ya tuliyotegemea. Na kweli alimpigia mama yangu simu. Sijui walizungumza nini, ila mama hakunisema. Kila tukipanda, mtoto alikaa naye kwenye blanketi moja, wakiitana somo, somo, kwa kuwa jina lao ni moja, mchana kutwa. Mimi nilijifunza kulitamka. Mwanzoni nilipunguza sauti nikiwa karibu na mzee, naye akijifanya hasikii, mpaka niliseme vizuri.

Alipofariki tulimzika pale pale juu, pembeni ya tuta la kwanza. Watu walikuwa wengi, tangu Mwatate mpaka Miasenyi. Baada ya mazishi chakula kikaanza kupakuliwa, na binti yangu haonekani. Nilikuwa nimelia siku tatu, nimechoka, sina akili ya kufikiria nani yuko wapi. Nikasimama mlangoni na sahani, nikamwita kwa sauti yangu yote.

Ua mzima ukanyamaza. Wazee waligeuza vichwa. Mwanamke mmoja aliyekuwa anapakua wali akabaki na upawa hewani. Hapo ndipo nilipojisikia mwenyewe, nikajuta, nikataka ardhi inimeze.

"Niko huku, mama!" akajibu kutoka chini kwenye kabichi, na akaja akipanda matuta mbio, miguu imejaa udongo.

Baba mdogo alikuwa amekaa peke yake kando ya ukuta, kofia iko magotini. Tangu siku ile ya barazani hakuwahi kumwita mtoto huyu kwa jina, hata mara moja. Alinyanyuka, akaja hadi pale mlangoni. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta.

"Mama," akaniambia, "hebu mwite tena."

Nikamwita tena.