Kurasa Zilizoliwa na Mchwa

Mimi nimefanya kazi benki maisha yangu yote, nyuma ya dirisha la kioo, na kazi yenyewe ni ya kutoamini watu. Mtu anakuletea hundi, unaigeuza mbele na nyuma, unamtazama usoni, ndipo unagonga mhuri. Kwa hiyo nikikuambia kwamba niliongea na marehemu kwenye pantoni, kile kivuko cha mto Kilombero, tena jua lilikuwa halijazama, ujue nimeshaligeuza jambo hili mbele na nyuma kuliko hundi yoyote. Lilitokea. Mke wangu yupo, kamuulize, ingawa atakuanzia na habari ya vumbi la vitabu.

Nilistaafishwa miaka ya tisini mwanzoni, benki zilipokuwa zinapunguza watu. Wenzangu walinunua mashine za kukoboa mpunga. Mimi nikanunua vitabu. Cheka tu, pale mtaani kwetu Viwanja Sitini walishacheka wakachoka, wakaniita Mzee Makaratasi. Niliwachongesha mafundi kabati za mninga, kila mguu nikautia kwenye kopo la oili chafu ili mchwa wasipande. Mke wangu alikuwa akipita na ufagio anauliza kama vitabu hivyo vitamzika.

Lakini wewe hukuiona Ifakara ya ujana wangu. Kitabu kimoja cha hadithi kilikuwa kinazunguka mji mzima. Kinatoka kwa manesi, kinakwenda kwa walimu, kinakuja kwetu makarani, kinarudi kwa mwenyewe hakina jalada. Jumamosi mchana tunakaa barazani, mmoja anasoma, wengine tunasikiliza huku tunatafuna miwa. Wale watu wametawanyika, wengine wamekwishazikwa, na mimi niliwakumbuka sana nilipokosa kazi ya kwenda asubuhi. Nadhani hao ndio niliokuwa nawatafuta katika vitabu, ila huwezi kumwambia mke wako neno kama hilo.

Basi, msimu mmoja baada ya mavuno, nikapata habari kwamba Malinyi kuna mwalimu mstaafu amefariki, ameacha sanduku la vitabu. Nilisubiri mpaka nikasikia tanga limeondolewa, maana si ustaarabu kuingia msibani unauliza bei. Nikadandia lori lililokuwa linakwenda kuchukua mpunga.

Mjane wa mwalimu alinipokea vizuri. Alikuwa mama wa Kipogoro, mpole, maneno machache.

"Baba, mimi sijui kusoma," aliniambia. "Vichukue vyote. Ila hiki mchwa walikiingia."

Alikishika kidogo kabla ya kunipa. Nilipokiona nilikitambua pale pale. Ni hadithi ya mtu aliyemwacha mkewe akaenda kukata mkonge, akakaa huko miaka bila kutuma hata salamu, halafu siku moja akarudi. Nilikisoma ujanani, cha kuazima, kwa mwanga wa kibatari. Hiki kilikuwa kizima mpaka karibu na mwisho, na huko mwisho kurasa zilikuwa zimebaki unga. Nikakitia sandukuni na vingine, tukaondoka na lori la mpunga.

Tulifika mtoni alasiri imekwenda. Lori likaingia kwenye pantoni, abiria tukashuka kama ilivyo desturi, nami nikakaa juu ya sanduku langu. Tulipokuwa tumeshaiacha ng'ambo ya Malinyi, nikaona mzee amesimama kando yangu. Alivaa kaunda suti iliyopauka, safi, imepigwa pasi. Miwani yake ilikuwa na mkono mmoja uliokatika, umefungwa kwa uzi mweusi.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba. Vitabu vya Malinyi hivyo."

Hakuwa anauliza. Nikasema ndiyo.

"Na kile cha mkata mkonge kimo?"

Nikafungua sanduku, nikampa. Hakukifunua. Alikipapasa tu, jinsi unavyompapasa mtoto aliyelala.

"Hiki kinaishia anapogonga mlango," alisema. "Anasikia miguu ndani, mtu anakuja kufungua, basi, mchwa. Wewe ulikisoma kikiwa kizima?"

"Nilikisoma, mzee, zamani."

"Nani alifungua?"

Nilifungua kinywa nimjibu. Nilikumbuka kibatari. Nilimkumbuka rafiki aliyeniazima, hata harufu ya samaki waliokuwa wanakaangwa kwa jirani. Aliyefungua mlango sikumkumbuka. Nikasema, "Mzee, imenitoka."

Uso wake ulianguka, nami nilimhurumia, niamini, kama ndugu yangu wa tumbo moja.

"Kuna mtu nilikuwa namsomea," alisema. "Nikaishia hapo. Nikamwambia nitatafuta kingine, sikukipata. Nitafutie."

"Nitakitafuta, mzee. Unakaa wapi nikuletee?"

Alinirudishia kitabu. Nikainama kukiweka. Nilipoinua kichwa, hayupo.

Sasa niambie, katikati ya mto Kilombero, maji yamejaa mamba na viboko, mtu anashukia wapi? Nikazunguka lori. Nikachungulia chini ya turubai. Nikamuuliza dereva kama amemwona mzee wa miwani, akanitazama kwa huruma.

"Mzee wangu, mbona ulikuwa unaongea peke yako? Sisi tulidhani unasali."

Hapo ndipo nilipojua nimeongea na marehemu. Nilikaa juu ya mpunga mpaka Ifakara, na nilipomsimulia mke wangu hakucheka hata kidogo. Kesho yake alikwenda kuomba misa. Halafu akaniambia, "Misa ni misa, na ahadi ni ahadi. Katafute."

Nikatafuta. Nilikwenda Morogoro, nilikwenda Dar, niliandikia marafiki wa zamani ambao sikujua kama wako hai. Nilifikia hatua ya kukunjua karatasi za karanga barabarani, maana vitabu vingi vya zamani viliishia kufungia karanga. Mwishowe nilikipata karibu tu, Kisawasawa, kwa muuza duka aliyekiweka chini ya mguu wa meza isitikisike. Hakina jalada, lakini mwisho upo. Akanipa bure, akatia kigae mahali pake.

Mwisho sikuusoma. Niliona haukuwa wangu wa kuanza kuusoma. Nikaenda nao mtoni, nikavuka, nikarudi, nikavuka tena. Hakuja mtu. Ndipo nikaendelea mpaka Malinyi.

Yule mjane alikuwa anapepeta mchele. Nikamweleza nilichokiona, nikitaraji atanifukuza. Nilipofika kwenye miwani aliweka ungo chini.

"Ile miwani tulimzika nayo," alisema. "Uzi ule niliufunga mimi."

"Mama, Mwalimu alikuwa anamsomea nani?"

"Mimi, baba. Kila jioni."

Nikaketi, nikafungua, nikasoma. Mtu yule anagonga. Miguu inakuja. Mlango unafunguliwa, na aliyefungua ni mkewe. Amezeeka. Anamtazama mumewe muda mrefu, halii, haulizi alikuwa wapi. Anasogea pembeni ampishe, anasema, "Maji yako motoni. Oga kwanza."

Nilipomaliza, mama alipangusa mikono yake kwa kanga. Kisha akasema, "Nilijua ni yeye. Mwalimu alikuwa anabisha, anasema huyo mwanamke lazima aliolewa kwingine. Tumebishana mpaka anakufa." Akageukia mlangoni, pasipo na mtu, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Umesikia?"

Na mimi, masikio yangu haya mawili, nikasikia mwanamume anacheka nje ya mlango. Kicheko kifupi, cha mtu aliyeshindwa na akaridhika. Mama akachukua ungo wake akaendelea na mchele, machozi yanamtiririka.

Kitabu nilikiacha kwake, na yule mzee sijamwona tena. Ila tangu siku ile kila jioni namsomea mke wangu, na yeye, adui wa makaratasi, siku hizi ndiye anayenihimiza. Nawe ukianza kumsomea mtu kitabu, awe mama yako, awe mwenzako, awe mtoto, kimalize. Kabla hujaanza angalia kurasa za mwisho kama zipo. Usimwache mtu amesimama mlangoni ukidhani kesho ni yako.

Sisi sasa tuko katikati ya kitabu kinene, na kifua changu si kizuri. Niwie radhi, siwezi kukaa zaidi. Mke wangu ananingoja.