Kompyuta Tano Kabla ya Mgao

Miaka ile nilikuwa nanunua kompyuta zilizokufa. Tulizivunja uani, kitongojini Diepsloot, mimi na mwenzangu Mrundi mwenye gari, tukauza bodi zake za ndani kwa kilo. Siku moja tukaitwa mtaa wa Randburg na mzee wa Kizungu aliyekuwa akihama fleti yake kwenda makao ya wazee. Huko angepewa meza moja tu, ndogo.

Mezani kwake kulikuwa na kompyuta tano. Nikazihesabu tena: tano, na hakuna iliyofanana na mwenzake. Moja ilikuwa na vitufe vya mpira kama vifutio vya shule. Nyingine nene kama mkate. Hakuna iliyokuwa na skrini yake. Zote zilikuwa za kuchomekwa kwenye televisheni, zikipokea programu kutoka kwenye kaseti kama zile za kwaya. Na kaseti ya moja haikusomeka na nyingine.

"Utazivunja?" mzee akauliza.

"Zinazowaka nauza nzima, madala," nikamjibu, nikimwita mzee kwa lugha ya mtaani. "Zilizokufa navunja. Na kwa desturi yetu, kabla ya bei unarudisha kitu kimoja kibaki chako, chochote, siulizi."

Desturi hiyo hutuepusha na simu za kilio kesho yake.

Akatazama saa ya ukutani. Mgao wa umeme ulikuwa unaanza saa nane mchana.

"Basi tuziamshe zote."

Kaseti ya kwanza ikalia kama mbuzi anayeogeshwa. Tukangoja, tukangoja. Ghafla televisheni ikaniuliza jina langu. Nikaandika kwa kidole kimoja, nayo ikanisalimu kwa jina, rangi zikikimbizana pembeni. Mashine ambayo picha moja ya simu yangu isingeenea ndani yake! Mnunuzi hatakiwi kuonyesha kuwa amependa. Mimi nilikuwa mdomo wazi.

"Kaka," mwenzangu akaninong'oneza, "tumekuja kununua chuma au kusali?"

Kila tulipongoja kaseti, mzee alitusimulia habari za mabosi waliozitengeneza. Magazetini walivuana nguo: huyu anadai mashine ya yule inafaa kuzuia mlango, yule anajibu kwamba vitufe vya huyu ni bazoka iliyokwisha kutafunwa. Niliwadhania watu wa suti na kikohozi cha adabu. Kumbe walipiga kelele kama sisi sokoni, wakiponda mzigo wa jirani, na katikati ya kelele hizo wakaingiza sebuleni kwa watu kitu ambacho hakikuwahi kuwepo duniani.

Ya nne ilipowaka, saa nane ilikuwa mlangoni. Mzee akachomeka ya tano, akabonyeza swichi, na hapo hapo friji ikanyamaza.

"Eish," mwenzangu akasema, tayari ameishika. "Haikuwaka. Hii ya nyundo."

Mzee akanigeukia. "Ulisema ninarudisha kimoja."

"Ndiyo, madala. Chukua ile yenye rangi, ndiyo nzuri."

"Ile imewaka. Kwako iko salama." Akaitoa ya tano mikononi mwa mwenzangu. "Narudisha hii."

Nikahesabu. Nne zimewaka, na neno langu limeshatoka. Moja ni yake. Nikahesabu tena. Ya nyundo hakuna.

Sijawahi kupigwa bao namna ile, tena kabla hata bei haijatajwa.

"Sasa nani atanunua hizi?" mwenzangu akaniuliza kwenye ngazi.

Nikamwambia azipange garini polepole, zisigongane.