Kura ya Mwosha

Miaka ile, mwanamke akifa katika mtaa wa Sufala, mjini Ibra, wa kwanza kuitwa alikuwa Bi Wadha binti Ghanim, mwosha maiti. Akija na kikapu chake, ndani mna majani ya mkunazi, kafuri, pamba na mkasi, na usoni barakoa ambayo haikumtoka hata mbele ya wanawake wenziwe. Akifika mlangoni hutoa amri moja tu: "Anayetaka kulia kwa makelele, akalie shambani." Na watu wakinyamaza.

Alizaliwa Pemba, na kazi ya kuosha alifunzwa na mama yake. Alikuja Omani mwaka wa sabini na mbili, na sanduku moja na mume mgonjwa ambaye hakumaliza mwaka. Wenyeji walimpokea kama walivyowapokea wengi waliotoka visiwani: kwa kahawa na kwa jicho la pembeni. Kiarabu chake kiliwachekesha. Wakimwita "Zinjibaria", wala hawakuwa wakimsifu. Wadha hakubishana na mtu. Alivaa barakoa kabla hawajamwambia. Aliacha kwenda ngomani, akakataa kupigwa picha isipokuwa ile ya pasi, na mwanamke aliyemkuta anasikiliza nyimbo redioni alimsalimia kwa kutikisa kichwa tu. Miaka mitano haijatimia, wenyeji wale wale wakawa wanawaambia binti zao, "Mtazameni Wadha." Heshima ile aliijenga kidogo kidogo, kwa mikono yake, na alijua kwamba kuvunjika kwake ni kwa siku moja.

Ndiyo maana alimwonea shaka Radhia binti Sleyum. Radhia naye ni mtoto wa Unguja, mwalimu wa skuli ya wasichana, kichwa kimefunikwa sawasawa lakini uso u wazi. Alianzisha kisomo cha kinamama siku mbili kwa wiki, baada ya Alasiri, na wapita njia wakiwasikia wanawake watu wazima wakiimba herufi na kupiga makofi. Siku moja Wadha alimngojea mlangoni.

"Shikamoo, Bi Wadha."

"Marahaba. Mwanangu, hayo makofi ya nini?"

"Wakiimba wanakumbuka upesi."

"Na majirani wanakumbuka upesi kuwa sisi ni watu wa kuja. Utatutia aibu. Hebu funika uso."

"Hata nikienda kuhiji, Bi Wadha, uso ntaufunua."

"Basi ngoja uhiji."

Radhia alicheka, Wadha hakucheka. Waliachana hivyo, na kila walipokutana baadaye walisalimiana, kisha wakatafutana ubaya kwa adabu.

Mwaka wa themanini na nne jumuiya ya kinamama ya pale mjini ilibaki bila mwenyekiti, au raisa kama walivyomwita wenyewe, maana aliyekuwapo alihamia Sur na mumewe. Waliotaka kiti walikuwa wawili. Mmoja ni Kaltham, mke wa Hashil, na Hashil huyo ni mtoto wa ami yake Wadha. Kaltham alikuwa mwanamke wa barakoa, wa nyumba kubwa, na hakuficha alilokusudia: akishika yeye, kile kisomo kitafungwa na chumba chake kitawekwa mazulia na masufuria ya shughuli. Wa pili alikuwa Radhia.

Wanachama wa barakoa walikaribia nusu. Kila mtu alijua kwamba mkono wa Wadha utakapokwenda, macho yao yatakwenda huko. Na Wadha mwenyewe, kama mtu angemuuliza, angesema bila kufikiri kwamba mkono wake ni wa Kaltham. Mwanamke wa kusoma Kurani anasoma kwa bibi yake nyumbani. Ya nini makofi?

Wakati huo watu wa Kaltham wamekwisha pata neno lao. Sokoni wakiambizana kwa Kiarabu, "Tunataka raisa, hatutaki rakhisa." Rakhisa ni kitu cha bei ya chini, na akiitwa mwanamke, ni tusi. Wale waliokulia Unguja walilipeleka nyumbani kwa Kiswahili, likazidi utamu: "Raisi rahisi! Raisi rahisi!" Mpaka watoto wakawa wanarukia kamba kwa hilo. Radhia akipita, akiwaambia, "Kazeni kamba, itawakwaza," na kwenda zake.

Siku mbili kabla ya mkutano, Hashil alikuja kwa Wadha asubuhi, akakaa barazani, akapewa kahawa na tende.

"Bint ami," alisema, "watu wananambia mwalimu wako anatafuta kura za barakoa."

"Mwalimu wangu tangu lini?"

"Basi vizuri. Siku ya mkutano simama mwanzo, umnyooshee mkono Kaltham, wenzio wakuone."

"Kaltham anao mkono wake. Na mimi nnao wangu."

"Si nakuomba tu, Wadha."

"Unaniomba, au ushanipangia?"

Hashil alikiweka kikombe chini. "Haya, nikwambie. Nimesema na wenye nyumba. Ukimpa yule wa uso wazi, hapana nyumba itakayokuita tena kuosha. Wanawake wako wataoshwa na wengine. Na usisahau, mwosha huoshwa. Siku yako ikifika, nani atakuosha wewe?"

"Mabruka alioshwa," Wadha alisema.

Hashil alisimama. Alivaa viatu vyake akaondoka, na tende zake akaziacha.

Mabruka alikuwa mwanamke masikini, hana asili ya kutajwa, hana mume wala mtoto, akiishi chumba kimoja nyuma ya mitende. Alikufa mwaka uliotangulia kwa maradhi ya kifua, na watu wakaogopa. Kuosha maiti peke yako ni taabu. Mmoja anageuza, mmoja anamimina. Wadha alituma mtu nyumba hii na nyumba ile. Moja mwenyewe anaumwa kichwa. Moja mume hakuruhusu. Kwa Kaltham, mlango ulifunguliwa kiasi cha kutokeza jicho, ukafungwa. Jua limekwisha panda, na maiti hangojeki. Ndipo akaingia Radhia, mikono ina chaki bado, kwa kuwa alisikia habari darasani.

"Nishike wapi?" aliuliza.

"Shika kichwa. Na usiseme kitu."

Alikishika. Hakuziba pua, hakugeuza uso. Alimimina alipoambiwa mimina, mara tatu, mpaka maji ya kafuri. Walipomaliza kumvika sanda, alinawa, akarudi skuli. Wadha alitega sikio mwezi mzima, asikie kama mwalimu yule amesema kwa watu alichokiona chumbani mle, maana hiyo ndiyo mizani ya mwosha. Hakusikia neno. Alilihifadhi jambo hilo moyoni bila kumwambia mtu, wala Radhia mwenyewe, akaendelea kumgombeza kuhusu makofi.

Sasa Hashil amelichimbua bila kujua. Mpaka asubuhi ile Wadha alikuwa mtu wa Kaltham. Alizitazama tende zile kwenye sahani, akahisi hasira ikimpanda taratibu, hasira ya mtu aliyeshika dini miaka yote, leo anaambiwa na watu kwamba wao ndio waliomshika yeye.

Mkutano ulikuwa katika ukumbi wa skuli. Mwanamke wa serikali alikuja kutoka Maskati kuhesabu mikono, na mkoba wake wa ngozi. Kabla hajaanza, mmoja wa nyuma alisema kwa sauti ya kusikika, "Raisa, si rakhisa!" Vicheko vikapita.

Wadha alisimama. Ukumbi ukatulia, kama unavyotulia chumba akiingia yeye na kikapu.

"Mimi na mwalimu huyu hatupatani," alisema. "Uso wake siupendi ukiwa wazi, na makofi yake yananiudhi. Mnajua. Lakini mmemwita rahisi, na mimi nataka kuuliza jambo. Nyinyi mlio ghali, siku ya Mabruka mlikuwa wapi?"

Akawatazama safu kwa safu.

"Nilituma mtu kwenu. Mlango kwa mlango. Kama huyu ni rahisi, basi mimi na Mabruka tumekula rahisi yake siku walio ghali walipoadimika."

"Wadha, kaa!" Kaltham alisema.

"Ntakaa. Nshasimama kwa watu wengi humu mliponihitaji, leo nimesimama kwa nafsi yangu." Akakaa.

Mikono ya Kaltham ikahesabiwa: ishirini na mbili. Ikaitwa ya Radhia. Wa mwanzo kunyoosha alikuwa Wadha, mkono umekwenda juu mpaka mkono wa kanzu ukateremka kwenye kiwiko. Akatazama mbele, hakugeuka kuangalia nani anamfuata. Wakamfuata wa barakoa watatu. Wengine wote wa barakoa waliinamisha vichwa. Ishirini na sita.

Wakati watu wanampa Radhia mkono, Wadha alimkaribia. "Na makofi yale, Mwalimu, kuanzia kesho basi. Kura si ruhusa."

"Tutazungumza, Bi Wadha."

"Tutazungumza sana."

Hashil alitimiza neno lake. Nyumba moja ikaacha kumwita, kisha ya pili, kisha zote. Miezi mitano kikapu kilikaa kwenye msumari. Jumatatu makofi ya kisomo yalisikika mpaka kwake, maana Radhia naye hakukubali, na Wadha alikwenda kugombana naye, akarudi, akaenda tena.

Wakati wa baridi akafa Bi Turkiya, mama yake Hashil, mke wa ami yake Wadha, ambaye alimlisha kwa mkono wake miezi ya mwanzo alipofika Ibra na mume anakata roho. Hakuna aliyetumwa kwa Wadha. Mwosha aliletwa kwa gari kutoka Al Mintirib.

Wadha alikwenda. Kaltham alisimama mlangoni. "Mwosha keshafika, Bi Wadha."

"Nimelisikia gari. Ami yangu alimwoa Bi Turkiya kabla wewe hujazaliwa. Nipishe."

Akampisha. Wadha akakaa na wanawake wengine, mgongo umenyooka. Nyuma ya pazia maji yalimwagwa, na kwa sauti yake alijua yanamwagwa kwa haraka. Vidole vyake vikakunjuka juu ya magoti. Akavikunja.

Jirani akamwinamia. "Unajuta, Wadha?"

"Kumwosha huyu nilikutaka," alisema, wala hakupunguza sauti. "Wameninyima. Na kesho wakiniuliza tena, mkono ntaunyoosha pale pale."

Maiti alipokwisha tolewa, kahawa ikapitishwa. Kikombe kikaenda kwa aliye kuliani kwake, kisha kwa aliye kushotoni. Chake hakikuja. Wadha akajinyoosha, akalishika dele la kahawa, akatwaa kikombe kilichokuwa tupu juu ya sinia, akajimiminia mwenyewe. Alikunywa chini ya barakoa, pole pole, na wote wanamtazama. Mgeni aliyetosheka hukitikisa kikombe kabla ya kukirudisha. Yeye hakukitikisa. Alimimina cha pili.