Kifua cha Mama wa Chumbageni

Wasomaji, bora jambo hili mlisikie kwangu mwenyewe. Nasomea shahada ya uzamili ya uuguzi wa familia hapa Guangzhou, na juzi nilikuwa na mtihani wa vitendo kliniki. Mgonjwa wangu alikuwa mama mfanyabiashara, aliyeshikwa na kikohozi akinunua viatu katika soko la Zhanxi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kwenu wapi?"

"Tanga, Ngamiani."

"Ee! Mimi wa Chumbageni, Tanga hiyo hiyo!"

Baibui lake lilinukia udi, kama nguo za marehemu mama yangu kila Ijumaa. Nikamwekea mgongoni kipimo cha kusikilizia mapafu. Nilitakiwa nimwambie anyamaze, avute pumzi, lakini alikuwa akinisimulia mihogo ya nazi na mvua za kwetu, na sikutaka aache. Nikawa nakihamisha kipimo huku na huku, moyo uko nyumbani.

Mwalimu wangu Mchina akauliza, "Umesikia nini?"

"Mapafu safi kabisa, mwalimu," nikajibu kwa Kichina changu cha kujivunia.

Mwalimu akanitazama masikio. Yule mama akageuka, naye akanitazama.

"Mwanangu," akasema kwa upole, "mbona mipira ya masikioni umeiacha shingoni?"