Dume Aliyeibwa na Jirani

Pale makumbusho mlinzi aliitwa Kamanda, ingawa silaha zake zilikuwa tochi na kikohozi. Kazi yake ilikuwa kukataza watu wasiguse. Wasiguse majembe yenye kutu, wasiguse kinu, wasiguse nira. Ukumbi ukiwa mtupu, yeye mwenyewe aliigusa nira, tena akainusa. Alikuwa mtoto wa mfugaji, afanyeje?

Asubuhi moja daktari wa mifugo mstaafu, mzee mcheshi, alileta mali za maonyesho ya kilimo ya zamani, enzi zile akisimamia mizani ya kupimia mifugo: vikombe vya ushindi, mabango, na kichwa cha dume la ng'ombe kilichokaushwa, kimepigiliwa kwenye ubao na utepe wa mshindi wa kwanza. Kamanda alishika upande mmoja wa ubao kusaidia kukitundika. Sikio la kushoto likawa mbele ya macho yake. Lilikuwa na mapengo mawili juu, moja chini. Aliyahesabu tena.

Alama ile ilikuwa ya zizi la baba yake, na hakuna mwingine aliyekata masikio hivyo. Na dume mwenye doa jeupe puani alikuwa mmoja tu, Bwana Mkubwa, yule aliyeibwa na jirani yao.

Maana baba ndivyo alivyosema. Alikwenda na dume peke yake kwenye maonyesho, mji wa mbali, akarudi bila dume, akiapa kwamba jirani, aliyekuwa safarini upande huohuo, amemwibia njiani. Jirani alikana mpaka sauti ikamkauka. Nani amsikilize? Kijiji kizima kilimpa kisogo. Uchumba wa mwanawe na dada yake Kamanda ukavunjwa, na familia ile ikahama usiku usiku kama wakosaji. Dada hakuolewa. Mpaka leo anaishi na mama, na ukitaja harusi anainuka kwenda kuosha vyombo visivyo na uchafu.

"Mnamwona huyu?" daktari aliwaambia wafanyakazi, tayari anacheka. "Aliuawa na tamaa ya mwenye ng'ombe. Alimlambisha chumvi, kisha akamwachia maji anywe mpaka basi, ili mizani ipande. Na kweli ilipanda! Tukamfunga utepe, akaanguka nao palepale uwanjani. Yule bwana alilia kama mtoto, akatuachia mzoga, akaondoka."

Watu wakavunjika mbavu. Kamanda alikitazama tena kile kichwa. Baba! Baba yuleyule aliyewachapa wanawe kwa kuficha kipande cha sukari! Marehemu hasemwi vibaya, sawa, lakini huyu aliyafukia maisha ya watu ili asichekwe kwa sababu ya chumvi.

Alitoka nje, akampigia mama.

"Shikamoo, mama. Nimemwona Bwana Mkubwa."

"Marahaba. Umemwona nani?"

"Dume la baba. Kichwa chake kipo hapa kazini. Hakuibwa, mama. Alikufa uwanjani, baba akimwangalia."

Alitegemea mama apige ukelele. Mama akasema polepole, "Baba yako alirudi na kamba, mwanangu. Ameikunja vizuri kabisa. Mwizi gani anaiba ng'ombe, halafu anamwachia mwenyewe kamba?"

Ya baba yalikuwa yamemshtua Kamanda, lakini haya yalimkalisha chini, kwenye ngazi, na sare yake ya kazi.

"Kwa hiyo ulijua? Miaka yote hii?"

"Ningemwaibisha mume wangu mbele za watu? Yameshapita hayo. Usije ukamwambia dada yako, nakuomba."

Nyuma ya mama sufuria iliwekwa chini, na sauti aliyoijua tangu utotoni ikauliza, "Mama, huyo nani? Mbona unalia?"

"Mpe simu, mama," Kamanda alisema.

Mama akakata. Kamanda akatafuta namba ya dada yake, akapiga.