Blanketi la Mgonjwa Juu ya Injini

Miaka ya sabini nilikuwa mlinzi wa uwanja wa ndege Isiolo. Asubuhi moja ya Julai, ndege ndogo ilikataa kuwaka. Ndani alilala mama kutoka Sericho, uchungu umemshika tangu jana, anangoja kupelekwa hospitali Nairobi.

Rubani alisema injini imeshikwa na baridi. Mimi sikusoma sana, pengine chuma husikia baridi kuliko mtu. Akaweka jiko la makaa chini ya injini, halafu akamvua mgonjwa blanketi, akaifunika injini ili joto lisitoroke.

Mama mkwe wa mgonjwa, aliyekuwa akimsindikiza, akamwuliza rubani, "We kijana, na hilo koti lako la ngozi limekosa nini?"

"Nyanya, nikishikwa na homa nani atawapeleka?"

"Basi sema unajipenda. Usisingizie injini."

Yeye akapiga mluzi tu, mikono mfukoni.

Lazima niseme haki: injini iliwaka, na tulisikia mama alijifungua salama. Labda namwonea yule rubani. Lakini kabla ya kuruka alimrudishia blanketi likinuka mafuta, kisha akasimama pale mlangoni, akingoja ashukuriwe. Bado namdharau.